Maisha Yangu na Kala-azar

Nilizaliwa Kitui mwishoni mwa miaka ya 1950, katika ukoo ambao kala-azar ilikuwa imeshaupitia. Mlipuko wa 1952 na 1953 ulimchukua shangazi yangu pamoja na mwanawe wa kiume, na hata nilipokuwa mtu mzima wazee wa kijiji bado walihesabu umri wa watu kwa homa ile: huyu kazaliwa kabla yake, yule baada yake. Mama alinisimulia habari za wifi yake kwa maneno machache. Homa ilimwacha mchana ikamrudia usiku, akakonda mpaka bangili zikawa zinamtoka mikononi zenyewe, huku tumbo upande wa kushoto likizidi kujaa na kuwa gumu. Hospitali ilikuwa mbali. Walipomfikisha hakuwa na damu ya kumwezesha hata kukaa kitako.

Kwetu wanaume walipenda kukaa jioni juu ya kichuguu kikongwe kando ya boma, wakipunga upepo na kuzungumza habari za ng'ombe. Nilikuwa nasomea kazi ya maabara Nairobi nilipokutana na makala za B. A. Southgate na Blasio Vincent Oriedo, zilizochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutokana na uchunguzi wao huko huko Kitui. Walikuwa wamewafuatilia wagonjwa hadi majumbani, wakauliza kila mtu hukaa wapi jua likizama, wakaona wagonjwa wanajikusanya pale penye vichuguu vinavyokaliwa na watu jioni. R. B. Heisch naye alikuwa ameshamnyoshea kidole usubi aitwaye Phlebotomus martini, ambaye hujificha ndani ya matundu ya vichuguu na kutoka giza likiingia. Kichuguu cha baba na baba zangu wadogo kilikuwa ndani ya makala zile bila kutajwa. Oriedo alikuwa Mkenya, na kuliona jina lake pale juu kulinifanya niamini kwamba kazi hii inaweza kuwa yangu pia.

Niliajiriwa mwaka 1982 nikiwa fundi sanifu wa maabara. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilikuwa bado changa, imeundwa 1979, na Nairobi ilikuwa mahali pa kukimbilia kwa wagonjwa wa kala-azar kutoka Machakos, Kitui, Baringo, Pokot na Turkana. Wengi walikuwa watoto, wengi wafugaji, na karibu wote walikuwa wameshamaliza dawa za malaria za zahanati mbili tatu kabla ya kutufikia.

Kala-azar ndiyo sura kali kuliko zote za lishmaniasi. Kimelea chake, Leishmania donovani, huishi na kuzaana ndani ya seli zile zile za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Hujaa kwenye wengu, ini na uboho, damu ikapungua, kinga ikaanguka, na mgonjwa asiyetibiwa kwa kawaida hufa, mara nyingi kwa nimonia au kwa kuhara au kwa kutokwa na damu. William Leishman alikitangaza kimelea hiki mwaka 1903 baada ya kukiona katika wengu wa askari aliyewahi kutumikia Dum Dum, karibu na Calcutta. Miezi michache baadaye Charles Donovan akatangaza kwamba amekiona Madras, na Ronald Ross akakipa majina ya wote wawili.

Siku hizo kuthibitisha kala-azar kulimaanisha kuchoma wengu. Wako wanaoona ni ukatili, na ndiyo maana nataka kulieleza jambo hili jinsi lilivyo, kwa kuwa limeokoa watu wengi. Kwanza damu hupimwa kuona kama inaganda inavyopasa. Wengu wenyewe lazima uwe umevimba kiasi cha kupapasika vizuri chini ya mbavu. Daktari huupapasa, huuchorea mpaka kwa kalamu juu ya ngozi ya tumbo, kisha humwomba mgonjwa azuie pumzi. Sindano nyembamba inaingia, bomba linavutwa, sindano inatoka, yote chini ya sekunde moja. Ikikawia, au mgonjwa akijitikisa, wengu unaweza kuchanika na damu ikavuja tumboni bila mtu kuiona. Kwa hiyo mgonjwa hulazwa chali saa nyingi, mapigo yake na shinikizo la damu vikipimwa mara kwa mara. Kwa mikono iliyozoea, vifo ni kama 1 kati ya wagonjwa 1,000. Sikuwahi kumwona daktari aliyeiona hesabu hiyo kuwa ndogo akiwa ameshika sindano.

Namkumbuka mtoto mmoja wa Tiaty, Baringo, wa miaka kumi hivi, aliyeletwa na babu yake. Mzee alikuwa ameuza mbuzi ili wapate nauli. Alisimama kichwani pa kitanda, amemshika mjukuu wake mikono yote miwili, akaniuliza, “Daktari, mnamtoa nini mtoto wangu?” Mimi si daktari, lakini upande ule kila avaaye koti jeupe huitwa hivyo.

“Tone moja tu, mzee. Tunamtafuta mdudu.”

“Na mkimpata?”

“Tukimpata, tunaijua dawa yake.”

Hakusema tena. Sindano ilipotoka kazi ikawa yangu. Tone la kwanza nililiweka juu ya kioo na kulitandaza haraka kabla halijaganda. Kilichobaki ndani ya sindano nilikipuliza kwenye mrija wa kuotesha vimelea. Kioo kilipokauka nikakigandisha kwa methanoli, nikakitia rangi ya Giemsa, nikakisuuza, nikakaa. Chini ya lenzi ya mafuta seli za wengu zilikuwa zimepasuka na vimelea vimetapakaa: vidoa vya mviringo, vya mikroni 2 hadi 4, kila kimoja na kiini cha zambarau, na pembeni yake kijiti kifupi cha rangi iliyokolea zaidi, yaani kinetoplasti. Lazima uvione vyote viwili, kiini na kijiti. Ukiona kiini peke yake usiandike kitu, maana yaweza kuwa mabaki ya seli au chembe ya kugandisha damu iliyolala juu ya seli nyingine.

Tulikuwa tumeanza kutumia madaraja ya Jeffrey Chulay na Anthony Bryceson, yaliyochapishwa mwaka 1983. Vimelea zaidi ya 100 katika uwanja mmoja wa hadubini ni daraja la sita. Kumi hadi 100 ni la tano, na kimoja hadi 10 ni la nne. Kuanzia hapo unahesabu kwa nyanja 10, kisha kwa nyanja 100, na daraja la kwanza ni kimelea kimoja hadi 10 katika nyanja 1,000. Ili uandike sifuri ni lazima upitie nyanja zote 1,000. Ni kazi ya kuumiza shingo na macho, na kijana anayeingia maabara hupata kishawishi cha kuacha kwenye 300 na kusema hakuna. Nimewafundisha wengi kazi hii, na neno langu la kwanza kwao lilikuwa kwamba mgonjwa wa nyanja ya 900 ni mgonjwa vile vile.

Mjukuu wa mzee yule alikuwa daraja la tano. Alichomwa dawa ya antimoni kwa siku 30, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake, sindano za nyama zinazouma mpaka watoto wanalia wakisikia tu sauti ya kigari cha dawa. Kufikia wiki ya pili homa ilikwisha na akaanza kuomba chakula usiku. Ulipochomwa wengu wake tena mwisho wa matibabu, nilipitia nyanja zote na sikuona kitu.

Vimelea vyake vilikuwa vimeota kwenye mrija, katika chakula cha agari na damu ya sungura kilichobuniwa na Novy, MacNeal na Nicolle zaidi ya miaka mia iliyopita. Vinataka ubaridi wa kadiri, nyuzi 22 hadi 26, maana huko vinajiona kama vimo tumboni mwa usubi. Umbo linabadilika. Kile kidoa kisichojongea kinakuwa kirefu, kinaota mkia, na kinaogelea mkia ukiwa mbele. Kila kimelea kilichohifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji kilipewa jina la kimataifa linaloanza na MHOM/KE: mnyama anyonyeshaye, binadamu, Kenya, kisha mwaka na namba. Jina la mtoto halimo. Nilipofungua mitungi ile ya baridi miaka mingi baadaye, kuna namba ambazo nyuso zake bado nilizikumbuka.

Sehemu ya kazi iliyonipendeza zaidi ilikuwa Baringo. Kutoka Nakuru barabara inashuka, inavuka mstari wa ikweta karibu na Mogotio, na ukifika Marigat joto limeshakukaba. Tulikuwa tukipaka karatasi mafuta ya mbarika, tunazisokota na kuziingiza jioni kwenye matundu ya vichuguu, kisha tunazitoa asubuhi mapema kabla jua halijazikausha. Usubi huyu ana urefu wa milimita 3 hivi, rangi ya vumbi, na akitua huziinua mbawa zake juu. Hana mlio. Mbu hukuamsha; huyu hukunywa damu nawe umelala. Walionaswa tulikuwa tunawaosha mafuta, tunawapasua mmoja mmoja kwa sindano mbili katika tone la maji ya chumvi, na kuutazama utumbo. Unaweza kupasua mamia bila kuona kimelea hata kimoja. Siku unapouona utumbo umejaa vimelea vinavyojongea kama nyasi kwenye upepo, unawaita wenzako wote waje kutazama.

Baringo ilinifunza pia kwamba lishmaniasi si ugonjwa mmoja. Pale pale Marigat kuna Leishmania major, inayokaa kwa panya wa porini na kuenezwa na usubi mwingine, Phlebotomus duboscqi, wa kwenye mashimo ya panya. Hiyo hutoa vidonda vya ngozi vinavyopona vyenyewe na kuacha kovu. Kwenye mapango ya Mlima Elgon kuna Leishmania aethiopica, ambayo makao yake ni pimbi. Laikipia na upande wa Gilgil kuna Leishmania tropica, ambayo vidonda vyake vya uso vinaweza kukaa mwaka na zaidi, na watoto wanafichwa nyumbani kwa aibu. Nchi moja, vimelea vinne, na kila kimoja kina usubi wake. Mtu akikuletea dawa au kipimo na kusema ni cha lishmaniasi, muulize kwanza ni ipi.

Nilirudi Nairobi kukaa miaka mingi na wanyama, na hapa lazima nizungumze taratibu, kwa sababu ni jambo linalowagusa watu.

Mnyama mkuu wa kala-azar maabarani ni hamsta. Mwaka 1930 Israel Aharoni alimchimbua hamsta jike na watoto wake karibu na Aleppo, Syria, na kuwapeleka watoto hao Jerusalem, kwa sababu Saul Adler alikuwa akitafuta mnyama wa kufanyia utafiti wa lishmaniasi. Karibu hamsta wote wa rangi ya dhahabu walioko maabarani na majumbani mwa watu duniani ni uzao wa familia ile. Adler aliona vyema. Hamsta akichomwa vimelea vya mgonjwa hukonda, wengu wake na ini huvimba, kinga yake huanguka, na hatimaye hufa, sawasawa na mtu. Baada ya miezi kadhaa tulikuwa tunaupima uzito wengu wake, tunakigusisha kipande chake kwenye kioo, na kuhesabu vimelea kwa kila viini 1,000 vya seli. Hivyo ndivyo dawa mpya inavyojaribiwa kabla ya kumkaribia mwanadamu.

Panya wa maabara wana somo lingine. Panya wa ukoo wa BALB/c akichomwa Leishmania major, kidonda hakifungi, vimelea vinasambaa, anakufa. Wa ukoo wa C57BL/6 akichomwa vimelea vile vile anapona. Kutokana na koo hizo mbili wanasayansi walitambua kwamba kinga ya mwili ina mielekeo miwili, mmoja unaoua kimelea ndani ya seli na mwingine unaotoa kingamwili nyingi zisizosaidia kitu hapo. Vitabu vya elimu ya kinga duniani kote vimejaa panya hawa. Lakini ukimchoma panya Leishmania donovani, kwa kawaida hujimudu. Ini lake hujisafisha lenyewe na hafi. Ukiyachukua majibu ya panya ukayahamishia moja kwa moja kwa mtoto wa Pokot, umempotosha.

Kwa sababu hiyo wenzetu wa Karen, katika taasisi ya utafiti wa nyani iliyoasisiwa na Louis Leakey mwaka 1960, walimgeukia tumbili. Ni mnyama wa huku, yuko karibu na binadamu kuliko panya, na huambukizwa kala-azar na vidonda vya ngozi pia. Joseph Olobo, Michael Gicheru na Christopher Anjili walieleza kazi hiyo mwaka 2001. Tumbili aliyepona kidonda cha Leishmania major hupata kinga dhidi ya maambukizo ya pili, na hilo ndilo linalotupa tumaini la chanjo. Mwaka huo huo Gicheru na wenzake wakachapisha jaribio ambalo mpaka leo nawapa wanafunzi walisome. Tumbili walichanjwa vimelea vilivyouawa, pamoja na kiamsha-kinga kiitwacho intalukini-12. Kila kipimo cha damu kilionyesha kinga ya aina ile inayotakiwa, ile ile iliyomponya panya. Walipoambukizwa vimelea hai, hawakukingika.

Niliyasoma majibu yale zaidi ya mara moja. Yangeweza kuwekwa kabatini, kwa sababu majarida hupenda habari za mafanikio. Waliyachapisha, na naamini kwa kufanya hivyo waliokoa fedha, miaka na wanyama wengi. Ninaheshimu zaidi kazi hiyo kuliko nyingi zilizotangaza ushindi kwa panya.

Kuhusu wanyama wenyewe: nilisimamia chumba chao, na niliamini, na bado naamini, kwamba bila wao tusingekuwa na dawa. Hiyo haikutupa ruhusa ya kuwatesa. Hamsta aliyeanza kujaa maji tumboni hakuachwa afe mwenyewe. Alilazwa usingizi wa mwisho siku hiyo hiyo, hata kama ratiba ya jaribio ilimtaka aishi wiki zaidi. Kijana aliyemshika mnyama kwa pupa hakuruhusiwa kuingia tena mpaka ajifunze. Na jaribio ambalo lingeweza kujibiwa kwenye mrija halikupewa mnyama.

Wakati huo wote swali lililonikera lilikuwa la vipimo. Sindano ya wengu haiwezi kufanywa Kacheliba, huko Pokot, chini ya mti. Inataka daktari aliyefunzwa, hadubini, damu ya kumwongezea mgonjwa ikibidi. Sudan Kusini, huko Upper Nile Magharibi, janga la kala-azar lililoanza 1984 lilidumu miaka kumi, na Jill Seaman na wenzake walikadiria kwamba watu 100,000 walikufa katika eneo lililokuwa na watu 280,000. Hospitali ya kuwachoma wote wengu haikuwepo. Waliookolewa walipimwa kwa damu, kwa kipimo cha mgando kijulikanacho kama DAT.

DAT niliifanya kwa miaka mingi, na naipenda kwa uaminifu wake. Unachukua vimelea vizima vilivyouawa na kutiwa rangi ya buluu, unavitia kwenye visima vidogo vya sahani ya plastiki pamoja na majimaji ya damu ya mgonjwa, yaliyozimuliwa hatua kwa hatua, kisima baada ya kisima. Unafunika, unaacha mpaka kesho. Asubuhi, penye kisima kisicho na kingamwili, vimelea vimeteleza vyote hadi chini na kufanya nukta ya buluu iliyokaza. Penye kingamwili vimeshikana na kutandaa kama utando. Unasoma kwa macho tu. Lakini inataka maabara, mkono mtulivu, na mgonjwa anayeweza kulala hapo akisubiri majibu.

Ndipo kikaja kipimo cha haraka cha rK39: tone la damu ya kidole, kijikaratasi, mistari miwili, dakika chache. India kilibadilisha kila kitu. Tulikipokea kwa furaha, kisha tukaanza kukilinganisha na wengu, na picha ikawa nyingine. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2014 uliweka wazi kile tulichokuwa tukikiona wodini: Bara Hindi kipimo hiki hunasa wagonjwa 97 katika 100, Afrika Mashariki 85. Protini yake ilitengenezwa kutokana na kimelea cha Brazili, na vimelea vyetu vinatofautiana nacho. Wagonjwa wetu pia hutoa kingamwili chache zaidi. Kumi na watano katika kila mia, wakiwa na kala-azar ya kweli, wanaonyeshwa mstari mmoja. Muuguzi wa zahanati asipojua hilo atamrudisha mtoto nyumbani akiwa na karatasi inayosema hana ugonjwa. Baadaye kilibuniwa kipimo cha rK28, ambacho ndani yake kimetiwa vipande vya kimelea cha Sudan. Hiyo ndiyo njia sahihi: kipimo kitengenezwe kikimjua mgonjwa wake.

Dawa zikatufundisha somo lile lile, kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2003 madaktari na watafiti wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan waliunda Khartoum mtandao wa LEAP, wakishirikiana na DNDi, shirika la kutafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, na Profesa Monique Wasunna wetu akiwa miongoni mwa waliouongoza. Amudat, upande wa Uganda, hospitali ilikuwa ikiwatibu Wapokot wa pande zote mbili za mpaka, maana mpaka ule mgonjwa haujui. Paromomisini ilikuwa imeponya zaidi ya wagonjwa 90 katika 100 huko India, kwa miligramu 15 kwa kilo, siku 21. Ilipojaribiwa kwetu kwa kipimo hicho hicho iliponya asilimia 63.8 tu, na katika vituo vingine vya Sudan ikawa chini kabisa, huku antimoni ya zamani ikiponya asilimia 92.2. Kadhalika dozi moja ya amfoterisini ya mafuta, iliyoleta sifa kubwa India, haikutosha huku.

Watafiti wa LEAP hawakukata tamaa. Waliziunganisha antimoni na paromomisini, wakapata matibabu ya siku 17 badala ya 30, yenye nguvu karibu sawa, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likayapendekeza kwa Afrika Mashariki. Msomaji anaweza kuona siku 13 ni kitu kidogo. Kwa mama aliyeacha watoto wengine na mbuzi manyattani, siku 13 ndizo zinazoamua kama atabaki wodini mpaka mwisho au atatoroka na mgonjwa nusu tiba. Karibuni zaidi paromomisini na vidonge vya miltefosini kwa siku 14 vimeonyesha matokeo yanayolingana na hayo bila antimoni hata kidogo. Sumu ile inayodhuru moyo na kongosho, ambayo nimeiona ikiwaua wazee waliokuwa tayari wamepona homa, tunaweza kuiaga nikiwa hai.

Nilistaafu mwaka 2018. Kinachonichoma bado si sayansi. Nilikaa katika wilaya moja ambayo sitaitaja, ambako mradi ulijenga chumba cha maabara, ukaleta hadubini nzuri na friji, ukafunza vijana wawili hodari, halafu fedha zikaisha na mradi ukaondoka. Nilipopita tena friji ilikuwa inahifadhi soda za mkahawa. Vijana walikuwa wamehamishwa. Vijikaratasi vya kipimo vilikuwa vimeisha tangu mwaka uliopita, na wagonjwa wa homa za wiki sita walikuwa wanaandikiwa malaria na taifodi, taifodi na malaria, mpaka wengu uvuke kitovu. Ujuzi upo, umechapishwa, tumeutoa jasho. Safari yake kutoka Nairobi hadi zahanati ya Tiaty ni ndefu kuliko safari ya hamsta kutoka Aleppo.

Mwaka 2023 Bangladesh ilithibitishwa kuwa nchi ya kwanza duniani kutokomeza kala-azar kama tatizo la afya ya jamii. Mwaka huo huo nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana jijini Nairobi juu ya mpango wao wenyewe wa kuitokomeza. Dunia inakadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa kala-azar 50,000 hadi 90,000 kila mwaka, na mzigo mkubwa sasa uko kwetu. Bangladesh ilifanikiwa kwa kumtafuta mgonjwa nyumbani kwake, kumpima mapema na kumpa dawa bure bila kukatiza. Nasi tunaweza, kwa vipimo na dawa zilizothibitishwa kwa watu wetu.

Kwa hiyo wewe muuguzi, tabibu, mwalimu au mzazi wa Baringo, Pokot, Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera, Isiolo au Kitui, nakuomba jambo hili. Mtu akiwa na homa iliyopita wiki mbili, anakonda, na unapapasa kitu kigumu chini ya mbavu zake za kushoto, usimwandikie malaria tena. Mpime kala-azar. Kipimo cha haraka kikisema hapana na dalili ziko pale pale, usimrudishe nyumbani. Mpeleke kwenye hospitali inayofanya DAT au sindano ya wengu, na umwambie aliyemleta kwamba tiba ipo.